Yoga: Mwili mgumu si kisingizio

Mwambie mkazi wa Nairobi anayelalamikia maumivu ya mgongo ajaribu yoga, na aghalabu atakujibu: "Mwili wangu ni mgumu, hayo siyawezi." Kwa maoni yangu, jibu hilo limewanyima watu wengi nafuu. Mtu hasubiri kujua kusoma ndipo aende shule. Wepesi wa viungo ni tunda la mazoezi, wala si sharti la kuyaanza.

Dhana hii hutokana na picha. Tunaonyeshwa vijana wembamba waliopitisha mguu nyuma ya shingo, nasi tunadhani hiyo ndiyo yoga. La hasha! Mwanzo wa ngoma ni lele. Anayeanza hufunzwa kupumua polepole, kusimama wima na kuinama kadiri mwili wake unavyomruhusu. Asiyefikia vidole vya miguu hukunja magoti kidogo au hushikilia kiti.

Mfano mzuri ni B.K.S. Iyengar wa India, aliyeishi kutoka 1918 hadi 2014. Utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na alipoanza yoga akiwa kijana mwili wake ulikuwa dhaifu na mgumu. Ndiye aliyekuja kueneza matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao ili kuwafaa wasioweza kujipinda.

Kuna pia wanaohofia imani yao. Ni kweli kwamba yoga ina mizizi katika dini za India, na si haki kumcheka muumini anayesita. Hata hivyo, mazoezi ya viungo na pumzi yanaweza kufanywa bila wimbo wala sala. Muulize mwalimu mapema darasa lake lina nini, kisha uamue kwa dhamiri yako.

Wengine husema hiyo ni starehe ya matajiri. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda hadi wakawa walimu. Nyumbani, mkeka na nafasi ya kulala chali vinatosha.

Jambo hili si la mzaha. Karani na dereva wa matatu hukaa kitini kutwa, kisha jioni hununua vidonge vya kutuliza maumivu. Baadhi ya vidonge hivyo, vikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kudhuru tumbo na figo. Mnamo 2017, chama cha madaktari cha American College of Physicians kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Sisemi kwamba yoga hutibu kila kitu. Mja mzito, mwenye shinikizo la damu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi miguuni au shida ya kwenda haja yapelekwe hospitalini mara moja. Na ukihisi maumivu makali unapojinyoosha, acha.

Kwa wengine wote, anzeni na dakika kumi kwa siku. Msishindane na jirani mkekani. Jipimeni kwa jinsi mnavyoamka asubuhi.