Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Fedha za VVU Ziwalipe Pia Wanaoendesha Huduma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma
Nakala: Waziri wa Fedha; Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS)

Mheshimiwa Waziri,

Tangu Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, mjadala wa Tanzania kuhusu ugharamiaji wa huduma za VVU umeelemea upande wa dawa: iwapo dawa za kufubaza makali ya virusi, maarufu kwa jina la ARV, zitaendelea kupatikana, na nani atakayezilipia. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mtu anayekatizwa dawa huongezeka virusi mwilini na huweza kuwaambukiza wengine. Hata hivyo, pengo lililo gumu zaidi kuzibwa lipo mahali pasipotajwa sana, nalo ni uwezo wa kuuendesha mpango wenyewe, yaani watumishi, takwimu, usafirishaji wa sampuli na usimamizi wa kila siku katika halmashauri.

Pengo hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, lakini ARV zilianza kutolewa bure katika vituo vya umma mwaka 2004, zikitegemea kwa sehemu kubwa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria pamoja na PEPFAR, mpango wa dharura wa Rais wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003. Sehemu kubwa ya fedha za PEPFAR ilipitia mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo yaliajiri kwa mikataba makarani wa takwimu, washauri nasaha na watoa huduma rika, na kuwapanga kufanya kazi ndani ya vituo vya Serikali. Watu hao walikaa dirisha moja na muuguzi wa umma, wakajaza rejista zilezile na kuwahudumia wagonjwa walewale, ilhali hawakuwamo katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa na Serikali kwa kila kituo. Mkataba wa shirika ulipokoma, nafasi haikubaki wazi ili ijazwe. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali, nafasi hiyo haikuwahi kuwapo.

Uzito wa kazi yao unaonekana katika matokeo ya utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya VVU wa mwaka 2022/23. Utafiti huo ulionyesha kwamba maambukizi miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 4.4; kwamba kati ya wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walizijua hali zao; kwamba kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kwamba kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Anayezisoma takwimu hizi kwa makini huona kwamba mnyororo hulegea katika hatua ya kwanza, ya kumfikia mtu asiyejua kwamba ana maambukizi. Hatua hiyo haitimizwi na dawa iliyo rafuni. Hutimizwa na mtu anayemshauri aliyekutwa na maambukizi ili wenza na watoto wake nao wapimwe, na anayemfuata nyumbani aliyekosa kliniki miezi miwili mfululizo.

Hapo ndipo matumaini yaliyowekwa katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yanapohitaji kuwekewa mipaka. Bima ni utaratibu wa kuchangia kabla ya kuugua ili gharama zilipwe mwanachama anapofika kituoni, na kwa sababu hiyo humlipia aliyefika. Haina njia ya kawaida ya kumlipia mtu anayemtafuta asiyefika. Kuzihamishia huduma za VVU zote kwenye bima bila kutenga fungu la kazi za jamii kutaacha bila mlipaji hatua ileile iliyo dhaifu kuliko zote.

Dawa zenyewe nazo hazisalimiki usimamizi ukilegea. Bohari ya Dawa huagiza kwa kufuata maoteo, yaani makadirio ya mahitaji yanayotokana na idadi ya wagonjwa na matumizi yaliyoripotiwa na vituo. Kituo kilichopoteza karani wa takwimu hutuma taarifa pungufu au iliyochelewa, na matokeo yake ni dawa kuisha mahali pamoja na kuchina mahali pengine, fedha zikiwa zimekwishatumika. Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha wingi wa virusi, ambacho hakina maana ikiwa sampuli haifiki maabara au majibu hayarudi kwa mgonjwa. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, yenye maambukizi makubwa kupita wastani wa taifa, ndiyo itakayoumia mapema.

Chombo cha kugharamia kazi hizi kipo. Mabadiliko ya mwaka 2015 ya Sheria ya TACAIDS yaliunda Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI. Zimbabwe ilianzisha mwaka 1999 tozo ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili hiyohiyo, nayo imeisaidia nchi hiyo kununua sehemu ya dawa zake kwa fedha za ndani, ingawa kuporomoka kwa sarafu yake kufikia mwaka 2008 kulionyesha kwamba chanzo kimoja hakitoshi pale dawa zinaponunuliwa kwa fedha za kigeni. Kilichobaki kwa Tanzania ni kuamua mfuko huo unalipia nini. Ukinunua dawa pekee, utakuwa umenunua kile ambacho wafadhili huwa wa mwisho kukiacha.

Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Ofisi ya Rais TAMISEMI na Wizara ya Fedha, inaombwa kuziingiza katika ikama nafasi za takwimu na ushauri nasaha zilizothibitika kuwa za lazima, na kutenga ndani ya Mfuko fungu la watoa huduma rika litakalopelekwa moja kwa moja vituoni, kwa utaratibu uliokwishatumika kwa fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya tangu mwaka 2017/18. Kabla ya bajeti ijayo kusomwa, Wizara itangaze hadharani, halmashauri kwa halmashauri, ni nafasi ngapi zililipwa na wafadhili, ngapi zimekwishapotea, na ngapi Serikali imekubali kuzibeba.