Maniema: Pampu inaletwa, fundi anasahauliwa

Kila mradi wa maji unapozinduliwa, wakubwa wanakata utepe, picha zinapigwa, robine inafunguliwa. Siku mota itakapoungua, nani ataifunga nyaya upya, na wapi? Hilo haliulizwi.

Swali hilo linawauma zaidi wakaaji wa Kibombo, kusini mwa Kindu kwenye njia ya reli. Mota ikiungua kule, inabebwa kwa pikipiki ao inangojea treni isiyo na siku kamili. Kipuri kikikosekana Kindu, kinangojewa kwa ndege. Wakati huo mama wanarudi mtoni na mabido, na kipindupindu hakingoji kipuri.

Mota haziungui bila sababu. Voltaji ya jenereta ikishuka, mota inavuta ampea nyingi zaidi ili kubeba mzigo uleule. Nyaya za shaba zinapata moto, na vanishi inayozitenga inaharibika. Ikikatika fazi moja kati ya tatu, dakika chache zinatosha. Kifaa cha kuizima kwa wakati ni cha bei ndogo sana kuliko mota yenyewe, lakini kinaporuka-ruka kuna wanaokiondoa, eti maji yaendelee kutoka.

Pampu nayo inaliwa na mchanga. Tena Lualaba ikishuka wakati wa kiangazi, pampu iliyo ukingoni inavuta maji kutoka chini zaidi. Kupita mita saba hivi, maji yanaanza kuchemka bila moto ndani ya pampu, na mapovu yake yanatoboa chuma. Shafti ikipinda, nyundo haiponyi. Inatakiwa mashine ya kukereza, na mtu anayeweza kupima sehemu ya mia ya milimita. La sivyo beringi mpya inakufa haraka kama ile ya kwanza.

Tangu sheria ya maji ya 2015, huduma hii ni kazi ya majimbo pia, si ya REGIDESO peke yake. Basi serikali ya jimbo, kabla ya kupokea pampu yoyote, idai kwa mfadhili mota ya akiba, beringi, na vijana wa hapohapo waliofundishwa bobinaji na ukerezaji. Karakana hiyo ingetengeneza pia vinu vya mpunga na mota za mashua. Watasema ni ghali. Bei yake iwekwe mezani kando ya bei ya pampu zilizokwisha kununuliwa mara mbili, na wabunge wa jimbo wahesabu wenyewe.