Ridhaa na Msamiati Wake

Utafiti wa Partners PrEP, ulioanza 2008 Kenya na Uganda, Thika ikiwa kituo kimojawapo, uliwahusisha wachumba na wanandoa ambao mmoja wao ana virusi vya UKIMWI. Baadhi ya wenzi wasioambukizwa walimeza tembe zisizo na dawa, bila kujua. Julai 2011, ilipobainika kuwa dawa inakinga, tembe hizo zilisitishwa. Waliozimeza wakapewa nafasi ya kupata dawa halisi.

Mkazi wa Thika au Ruiru ataelezwaje hayo? 'Jaribio' humfanya ajione panya wa maabara. 'Bahati nasibu' humkumbusha kamari. Wanaisimu wana deni hapa (istilahi za sarufi zimetosha!). Kabla ya kutia sahihi, mtu ana haki ya kuelewa kwamba huenda akameza unga mtupu, na nani atamjulisha mambo yakibadilika.