Neno la Mhariri: Taka Huanzia Dukani

Toleo hili tumelikusudia kwa mambo ya nyumbani: jiko, duka la mtaani, soko la samaki, sinia la harusini na jaa lililo nyuma ya nyumba; na huenda msomaji akastaajabu kwamba jarida lenye nia ya kuzungumza juu ya hifadhi ya mazingira limeiacha misitu, wanyama wa mwituni na barafu ya Kilimanjaro inayopungua, likajishughulisha na vikapu na vibaba. Rai yetu ni kwamba mambo hayo makubwa yana wasemaji wengi na mikutano mingi, ilhali mambo ya kila siku, ambayo kila mmoja wetu anayo mamlaka juu yake tangu alfajiri hadi anapozima taa, aghalabu hayana msemaji ila siku ya usafi; na siku hiyo ikishapita mafagio hurudishwa stoo na mtaa ukarejea hali yake. Jambo moja tu ndilo tunalotaka kulisema kabla ya kuwapa nafasi waandishi wetu, nalo ni hili: tumezoea kuuliza taka zitupwe wapi, na swali hilo limechelewa, kwa sababu kitu kisichooza kikishaingia nyumbani hapana pahali pema pa kukitupa.

Sheria zimekwisha kufanya sehemu yake, na asiyekiri hivyo hana insafu. Rwanda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008; Zanzibar iliitangulia Tanzania Bara kwa zaidi ya miaka kumi; Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini inayofika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo kinachofika miaka 4; na Tanzania Bara ikaanza marufuku yake tarehe 1 Juni 2019. Aliyeijua Dar es Salaam au Mombasa kabla ya tarehe hizo anakumbuka jinsi ile mifuko, ambayo sisi tuliiita rambo na wenzetu wa Kenya wakaiita juala, ilivyokuwa ikining'inia kwenye michongoma, ikiziba mitaro na kuelea baina ya majahazi bandarini, hata wachinjaji wakawa wanaikuta imeviringana ndani ya matumbo ya ng'ombe na mbuzi waliojilisha majalalani. Walikuwapo waliobashiri kwamba soko litakufa siku mfuko utakapoondolewa; soko halikufa, nyanya zinauzwa na samaki wanauzwa, na watu wanafika makwao na vitu vyao.

Lakini tazama kilichoshika nafasi ya mfuko ule. Tulipewa mfuko mwingine wa rangi rangi, ambao kwa macho na kwa kuushika unafanana na kitambaa, na wengi wetu hudhani kwamba ni kitambaa, ilhali nyuzi zake ni za polipropilini, ambayo ni plastiki kama zile nyingine. Shirika la Viwango Tanzania liliweka kaida kwamba mfuko huo usipungue uzito wa gramu 70 kwa mita moja ya mraba, kwa maslaha ya kuwa ukae sana na utumike mara nyingi. Hikima ya kaida hiyo ni njema, ila inamtegemea mtu atokaye nyumbani na mfuko wake mkononi, na sisi tunatoka mikono mitupu, tunanunua mpya kila tufikapo sokoni, na ile ya jana imejaa nyuma ya mlango wa jiko. Kadhalika vile vifungashio vyembamba vyeupe, ambavyo sheria iliviachia nafasi kwa ajili ya vyakula na dawa na bidhaa za viwandani, vimejikuta vikibeba vitunguu na maandazi kutoka gengeni. Kwa hivyo sheria ilikiondoa kitu, nayo mazoea yaliyokileta kitu yamebaki palepale; na anayesafisha mtaa kila mwisho wa mwezi huku mazoea hayo yakiendelea ni kama baharia anayefua maji ya dau pasipo kukalafati.

Ni wajibu hapa kueleza mambo yalivyokuwa katika miji yetu ya pwani kabla ya plastiki, na tunaomba msomaji asituhesabu miongoni mwa wale wanaosifu kila lililopita. Mtu alikwenda dukani na chombo chake. Mchele ulipimwa kwa kibaba au kwa pishi, ukamiminwa ndani ya kikapu cha mnunuzi au upindo wa kanga yake. Mafuta ya taa na ya kula yalipimwa yakatiwa katika chupa aliyokuja nayo mtoto aliyetumwa. Samaki walitungwa kwa ukindu uliopitishwa kwenye mashavu yao, na mtu akaenda zake ameshika mtungo kwa vidole viwili. Halua ikatiwa ndani ya vikapu vidogo vya majani. Maembe na muhogo vikasafirishwa kwa pakacha, ambalo husukwa kwa kuti moja la mnazi kwa muda mfupi, na likishafika mjini na kumaliza kazi yake hutupwa, kisha mvua na mchwa hulimaliza pasipo mtu kulitolea jasho.

Kikapu chenyewe kina kazi ndefu kuliko anavyodhani anayekiona kimetundikwa sokoni. Miyaa hukatwa, ikaanikwa juani hadi ikawa nyeupe, ikachanwa vipande vyembamba vya upana mmoja, na pengine ikatiwa rangi. Kisha wanawake huketi barazani wakasuka ukili, nao hurefuka dhiraa baada ya dhiraa huku mazungumzo yakiendelea, mpaka ukawa wa kutosha kuzungushwa na kushonwa, mzunguko juu ya mzunguko, tangu kitako hadi mdomo, na mwisho hutiwa mikono ya kamba. Kikapu cha namna hiyo huenda sokoni siku nyingi sana. Mkono ukikatika hushonwa, kitako kikilegea hupewa kazi ya kutilia mkaa au vifuu, na hata kikishindwa kazi hiyo huwa kuni ya kuwashia moto. Na mnazi uliotoa lile pakacha hauna sehemu iliyopotea: tui huenda chunguni, chicha huliwa na kuku, kifuu kikawa upawa au kata, makuti yakaezeka nyumba, chelewa zikafungwa fagio, na makumbi wanawake wa Unguja na Pemba huyafukia katika matope ya ufukweni kwa miezi mpaka yakalainika, wakayafukua na kuyaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Jaa la nyumba ya wakati huo lilikuwa majivu, maganda na majani, na baada ya muda mtu alichimba akapeleka mbolea penye migomba yake. Zama zile zilikuwa na kipindupindu na maji ya visima visivyofunikwa, na kifuu kilichoachwa uani kikijaa maji ya mvua kilizaa mbu kama kinavyowazaa leo. Hatusemi kwamba ilikuwa pepo. Tunasema kwamba kila kilichoingia nyumbani kilikuwa na njia ya kutoka, na njia hiyo ilijulikana na watoto.

Plastiki ni ngeni kuliko tunavyodhani. Politini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na mfuko mwepesi wenye mikono miwili uliosajiliwa haki yake na kampuni ya Sweden haukufika ila mwaka 1965, yaani wapo babu na bibi walio hai leo waliokuwa watu wazima kabla mfuko huo haujakuwapo duniani. Ulienea kwa sababu ulifaa: ni mwepesi, haupitishi maji, na bei yake ilikuwa karibu na bure. Kasoro yake ndiyo sifa yake, kwamba vidudu vinavyoozesha jani na karatasi haviwezi kuula, na jua likiupasua huupasua vipande vidogo na vidogo zaidi, vikaingia mchangani na baharini na matumboni mwa samaki, pasipo kuacha kuwa plastiki.

Kwa ajili hiyo hatuoni haki katika desturi ya kumlaumu mama wa mtaani pekee. Yeye anayenunua mafuta ya kupikia chungu kimoja, na unga wa usiku mmoja, na sukari ya chai moja, hanunui hivyo kwa kupenda bali kwa sababu ndizo fedha alizo nazo siku hiyo; na viwanda vilipoona hivyo vikamtengenezea pakiti ndogo ndogo, kila moja na ngozi yake ya plastiki, faida ikaenda kiwandani na ngozi ikabaki uani kwake. Mwenye duka anayepima mafuta kutoka kwenye dumu na kuyatia katika chupa aliyoleta mnunuzi anafanya biashara safi kuliko duka kubwa la mjini lenye matangazo ya kupenda mazingira, naye hajapata kusifiwa na mtu. Anastahili mizani iliyo sahihi, dumu safi lenye kifuniko, na halmashauri isiyomfukuza. Na mtengenezaji wa pakiti na chupa anastahili kutwikwa gharama ya kuzikusanya, kwa kuwa ndiye aliyeamua zitengenezwe kwa kitu kisichooza.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kwa haraka, nalo ni moshi. Katika nyumba nyingi za miji yetu, mkaa ukiwa mbichi au mafuta ya taa yakiwa hayapo, huchukuliwa kipande cha mfuko au cha ndala kuukuu, kikawashwa kwa kiberiti na kuwekwa chini ya makaa. Kinadondoka matone ya moto, kinatoa moshi mweusi wenye harufu ya kukereketa koo, na aliyeinama juu ya jiko akipepea ni mama, pengine na mtoto mgongoni, ambaye pua yake iko karibu na moshi ule kuliko ya mtu yeyote nyumbani. Moshi huo una sumu, na sumu yake haimaliziki harufu inapoisha. Mabua makavu, vifuu, makumbi au gazeti lililosokotwa vinawasha mkaa vizuri. Na kama toleo hili lingefaulu kuiondoa plastiki chini ya majiko tu, likashindwa katika yote mengine, tungelihesabu kuwa na faida.

Wako wanaotuambia kwamba dawa ni kuzigeuza taka ziwe vitu vipya, na mfano wao mzuri uko Lamu, ambako mafundi walijenga jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndala kuukuu 30,000, wakalishusha majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Ni kazi ya kujivunia, na imeonyesha kwamba ufundi wa majahazi ungali hai mikononi mwa watu wa pwani. Lakini jahazi hilo lilisafiri ili kuonya, likifika bandari baada ya bandari na ujumbe kwamba vitu vya kutumiwa mara moja viachwe. Na anayelichukua kuwa ruhusa ya kuendelea kutupa amelifahamu kinyume.

Wala tusikae kuyangoja mataifa. Mwezi wa Machi 2022, Nairobi, wajumbe wa nchi 175 walikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Na mwezi wa Agosti 2025 wakatawanyika Geneva pasipo makubaliano. Watakutana tena, na twawaombea tawfiki, ila harusi ya Jumamosi ijayo haiwangoji. Na harusi ndipo penye wasaa mkubwa kuliko tunavyofikiri. Tulikuwa tukila watu wanne au sita katika sinia moja, tukanawishwa kwa birika na bakuli, tukanywa maji ya mtungini kwa kata au kwa bilauri zilizooshwa. Leo katika harusi, maulidi na hitima kila mgeni hupewa chupa yake ya maji na kisanduku chake cha chakula, na watu wakiondoka huonekana chupa zimetapakaa chini ya viti, nyingi zimenywewa nusu. Dini zetu zote zinakataa israfu. Waislamu wamefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na Wakatoliki wana waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba ya wote. Hatuoni kwa nini shughuli iliyofunguliwa kwa dua ifungwe kwa magunia ya chupa yanayopelekwa kumwagwa bondeni.

Basi tunawaomba wasomaji wetu walio katika kamati za harusi, misikiti, makanisa na skuli, waanze na shughuli moja iliyo karibu nao: masinia yarudi, mitungi au matangi yenye bomba yawekwe, bilauri zioshwe, na wageni waambiwe mapema. Wenye maduka wanaokubali kupima bidhaa katika vyombo vya wateja watuandikie jina la mtaa wao na vitu wanavyopima, nasi tutavichapa katika toleo lijalo bila ya malipo. Na wanawake wanaosuka ukili watuletee habari ya bei zao na pahali wanapouzia, kwa sababu wasomaji wengi wametuuliza watavipata wapi vikapu, na hatuna jibu la kuwapa mpaka wao wenyewe watuambie.