MKANDA WA INJINI: TUSILIPIE WOGA WETU

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba mfanya kazi anayebadili mkanda wa injini ya gari lake nyumbani anamnyang'anya fundi mkate wake, na kwamba mwanachama wa kweli hafanyi hivyo. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo namjibu.

Kwetu ni Kangema. Mwaka jana, nikiwa likizo, mkanda ulianza kulia kila asubuhi. Nikaenda kwa fundi mmoja kando ya barabara. Akatia mpya, akaukaza kwa chuma mpaka ukawa mgumu kama ubao. Nikamwuliza, akajibu, "Bwana, ukikazwa sana haulegei." Nikaamini, nikalipa. Haukupita mwezi, beringi ya alteneta ikafa. Fedha ya karo ya mtoto ikanunua alteneta nyingine. Basi nauliza: ni nani aliyenyang'anywa mkate?

Sisi watu wa reli hatuna udhuru. Mabehewa mengi ya zamani yalipata taa kwa dainamo iliyozungushwa na mkanda kutoka kwenye ekseli. Mkanda ukilegea, abiria walikaa gizani. Ukikazwa mno, beringi zililiwa. Wazee wetu walijua hayo. Sisi tumesahau?

Kazi yenyewe ni hii. Zima injini, iache ipoe, toa waya wa hasi wa betri. Legeza bolti za alteneta, isukume kuelekea injini, toa mkanda. Linganisha mpya na wa zamani, urefu na upana. Futa mafuta na kutu katika puli. Vika mpya kwa mkono; usiulazimishe kwa bisibisi, maana nyuzi za ndani hukatika. Kisha vuta alteneta nje kwa kipande cha mti, ukaze bolti. Bonyeza kwa nguvu kwa kidole gumba katikati ya nafasi iliyo ndefu baina ya puli mbili: kwa mikanda mingi ya namna hii yapasa ushuke kama milimita 10 hadi 13. Hapo pametosha. Baada ya safari fupi pima tena, kwa sababu mkanda mpya huvutika.

Gari nyingi za sasa zina mkanda mmoja mpana wenye mifereji, na kikazio cha springi kinachokaza chenyewe. Huo usiukaze kwa mti. Chora njia yake katika karatasi kabla ya kuutoa, ukaurudishe vile vile.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutekeleza sheria za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mbunge wetu wa Kangema. Tukafunga mikanda ya viti katika matatu, na ilikuwa sheria njema. Lakini mkanda ulio chini ya boneti ni nani anayeutazama? Katika gari nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika katika mlima wa kutoka Murang'a, injini huchemka, na abiria hubaki njiani usiku pamoja na watoto.

Sisemi tuwaache mafundi. Mkanda wa taimingi si huu ninaousema. Huo mpeleke kwa fundi aliyesomea kazi yake, umlipe haki yake yote bila kunung'unika, kwa sababu kukosea jino moja tu kwaweza kugonganisha valvu na pistoni. Fundi na alipwe kwa ujuzi wake. Asilipwe kwa ujinga wetu. Na fundi mwema hatanikasirikia nikijua kupima kazi yake kwa kidole gumba. Atakayekasirika ni yule anayekaza kwa chuma.

Kwa hiyo naomba tawi letu litenge Jumamosi moja, wale wenzetu wa karakana watufundishe sote, wake kwa waume, wenye gari na wasio nalo. Spana ninazo. Yule ndugu aliyesema mkutanoni namwalika awe wa kwanza kufika.

Ni mimi,
Mfanya Kazi wa Reli, Kangema.