Shangazi kaja, safari hii kwa bei ya dola

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya lifti ya jengo ninaloishi hapa Dubai Silicon Oasis, eneo la makampuni ya teknolojia, akaingia kijana mmoja nadhifu kabeba shangazi kaja. Sitanii. Lile begi la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe ambalo kila aliyesafiri kwa basi enzi za stendi ya Ubungo analijua. Tofauti ni kwamba la kwake lilikuwa la ngozi, na zipu inang'aa kama pete ya ndoa. Nikamuuliza bei. Ilizidi kodi yangu ya mwezi mzima.

Nilicheka mpaka akaona haya. Lakini nilipofika chumbani kicheko kikakata. Juu ya kabati langu lipo shangazi kaja la plastiki, mshono umefumuka upande mmoja. Ndilo nililoondoka nalo nyumbani pale kazi yangu ya kuandika ilipogeuka hatari, ndani mkiwa na mashati matatu, vyeti na magazeti yenye makala zangu. Katika uwanja mmoja wa ndege, ofisa alilitazama begi kabla hajanitazama mimi, kisha akaniweka pembeni saa nne.

Vituko hivi vya wabunifu havikuanza leo. Louis Vuitton walipitisha mabegi ya miraba hiyo jukwaani katika mavazi yao ya msimu wa joto wa 2007. Mwaka 2017 Balenciaga waliuza begi la ngozi la bluu kwa dola 2,145, likifanana mno na mfuko wa IKEA wa senti 99. Mwaka 2022 hao hao wakaleta mfuko wa ngozi wenye sura ya mfuko wa taka, dola 1,790. IKEA, kwa kuwa wana pesa na mdomo, walijibu kwa tangazo la utani la kuwafundisha wateja namna ya kuutambua mfuko wao halisi. Je, nani wa kulijibia shangazi kaja?

Wapo watakaosema huo ni wizi. Hapo sikubaliani nao. Miraba ile si yetu, na mabegi mengi tunayobeba yametoka viwandani China. Kinachoniudhi mimi ni kingine, na kiko kwenye majina. Afrika Magharibi begi hili huitwa Ghana Must Go, yaani Mghana lazima aondoke, tangu mwaka 1983 Nigeria ilipowafukuza wahamiaji, wengi wao Waghana, wakafungasha walichoweza. Wajerumani nao waliwahi kuliita sanduku la Mturuki. Sisi angalau tulimpa shangazi, mgeni asiyepiga hodi lakini asiyefukuzwa. Karibu kila linakokwenda, begi hubeba jina la mtu anayehama, na mara nyingi kwa dharau.

Sasa mwenye dola anauziwa sura ya kuhama bila kuhama kwenyewe. Begi lake hakuna atakayemwamuru alifungue na kumwaga nguo zake za ndani mbele ya foleni ya watu.

Sipingi vituko, maana mavazi yasiyo na utani yanachosha. Mkenya Cyrus Kabiru hutengeneza miwani kwa vyuma na mabaki anayookota Nairobi, anaiita C-Stunners, na mwaka 2015 ilionyeshwa Ujerumani katika makumbusho ya Vitra. Ni vituko hasa. Sidhani kama unaweza kuivaa ukasoma hata kichwa cha habari. Lakini anayecheka pale ni yule yule aliyeokota, na jina lililoandikwa ni lake. Mafundi wetu wa Dar na Zanzibar wanaoshona mikoba ya kanga, kwa nini wasiishonee shangazi kaja bitana nzuri na mikono imara, wakaiuza wao kwa jina hilo hilo? Mimi ningenunua, mradi wasiniuzie kwa bei ya Paris.

Jana yule kijana akanikuta tena kwenye lifti, akaniuliza nilikuwa nacheka nini. Nikamkaribisha ndani, nikalishusha begi langu kabatini. Akalishika kwa heshima, akapapasa ule mshono uliofumuka, akaniuliza ni la mbunifu gani.

Nikamwambia ni la shangazi.