Kanisa la Ngome ya Yesu ni Historia Yetu Pia: Barua ya Wazi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Taifa ya Kenya,
Nairobi.

KUH: KANISA LA ASKARI WA KIRENO NDANI YA NGOME YA YESU, MOMBASA

Mheshimiwa,

Nakuandikia juu ya misingi ya mawe iliyomo uani mwa Ngome ya Yesu, mahali lilipokuwa kanisa la kikosi cha Wareno. Ni rahisi mgeni kuipita. Macho huvutwa na mizinga, na kuta, na bahari iliyo chini yake. Lakini kwa maoni yangu hakuna pembe ya ngome ile inayoeleza zaidi jinsi pwani yetu ilivyotawaliwa, na ombi langu ni kwamba historia ya mahali hapo isimuliwe yote, pamoja na sehemu yetu sisi wenyeji.

Tuanze na ujenzi. Kazi ilianza 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno katika milki yao ya India. Ngome ilipewa jina la Yesu, na buruji zake nne majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mathias na São Mateus. Ukiyatazama vizuri majina hayo utawaona wakubwa wa siku zile. Mfalme alikuwa Filipe, mwakilishi wake Goa alikuwa Matias de Albuquerque, na kapteni wa pwani hii alikuwa Mateus Mendes de Vasconcelos. Ibada na utawala vilichanganywa tangu kwenye mawe ya kwanza.

Kanisa lilifuata mpango huohuo. Halikujengwa mjini ambako watu wangelifikia, bali ndani ya kuta, karibu na mabweni ya askari. Wakristo wa mjini walikuwa na watawa wa Mtakatifu Augustino, nje ya ngome. Hili la ndani lilikuwa la kikosi: askari aliweza kutoka zamu akaingia misani bila kuvuka lango, na mji ukichafuka, yeye, padri wake na baruti yake wote wako upande mmoja wa ukuta.

Na mji ulichafuka. Mwaka 1614 Sultani Hassan bin Ahmad aliuawa bara na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alichukuliwa akiwa mtoto, akalelewa na watawa hukohuko Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na katika siku zilizofuata Wareno wa Mombasa wakauawa, wake kwa waume na watoto, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Wareno walikuja na jeshi mwaka uliofuata wakashindwa kuitwaa ngome. Yusuf aliihama mwenyewe, Wareno wakairudia, naye maisha yake yakaishia Jeddah.

Mheshimiwa, kisa hicho kina mayatima pande zote mbili. Kuna wanaomwita Yusuf shujaa, na kuna Wakristo wanaowakumbuka waliokufa kama mashahidi wa imani. Makumbusho hayana haja ya kuamua nani ana haki. Wajibu wake ni kuyaweka mauaji ya 1614 na ya 1631 ubavu kwa ubavu, mgeni ayasome yote mawili. Hivi sasa sauti inayosikika kwenye jiwe ni ya Wareno: maandishi ya 1635 yaliyo juu ya lango, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwa Kireno jinsi alivyoitiisha pwani na kuuadhibu mji wa Pate. Mshindi ameandika, aliyeadhibiwa hajajibu.

Sehemu nyingine inayostahili kusemwa ni ya mazingiwa makubwa. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na yaliichukua tarehe 13 Desemba 1698. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kufikia Agosti 1697 kikosi cha Wareno kilikuwa kimekwisha, na walioishika ngome hadi msaada ulipofika ni Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na jamaa zake, na wanawake wa Kiafrika waliokuwa wengi kuliko wanaume. Mwishoni kabisa, kapteni alibaki na wanaume tisa na padri mmoja. Kwa hiyo anayedhani kanisa lile ni habari za Wazungu peke yao hajaambiwa ni nani waliolinda kuta zake.

Kati ya 1895 na 1958 ngome ilikuwa jela. Mwanaakiolojia James Kirkman ndiye aliyefukua na kuifanya isomeke tena, makumbusho yakafunguliwa 1960, na 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kazi hiyo tunaishukuru. Kilichobaki si kikubwa, nami nakiomba kwa mafungu matatu.

Kwanza, pale kwenye misingi pawekwe maelezo kamili kwa Kiswahili, yakiwataja Hassan, Yusuf na Daud kwa majina. Pili, maandishi ya langoni yapewe tafsiri ya Kiswahili iliyo wazi, na kando yake ielezwe kwa nini yaliandikwa. Tatu, kila ukarabati wa misingi hiyo ufanywe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ya bahari ndani ya jiwe la matumbawe, na jiwe likaliwa kutoka ndani.

Jambo hili linaligusa eneo zima. Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki yake yakaingia ukutani. Mombasa ikionyesha njia, wenzetu wa ng'ambo ya pili watakuwa na mfano wa kufuata.

Sheria imeiweka ngome mikononi mwa ofisi yako. Naomba maelezo hayo yaandikwe na wanahistoria wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, na yasimamishwe mahali penyewe, ili mtoto wa Mombasa anayelipiwa kiingilio na mzazi wake aondoke akijua kuwa waliofia mle walikuwa watu wa kwao pia.

Wako mtiifu,
Mpenda turathi,
Mji wa Kale, Mombasa.